Kanuni Kabla ya Kitabu: Utatu Mtakatifu kutoka Nikea hadi Nkowe

Neno "Utatu" halimo katika Biblia. Halipatikani katika Kiebrania cha Agano la Kale wala katika Kiyunani cha Agano Jipya, na waliotafsiri Maandiko kwa Kiswahili hawakulitia. Kilichomo ni kauli zilizotawanyika, ambazo msomaji makini hawezi kuziacha bila kuziuliza zinapatana vipi. Kumbukumbu la Torati 6:4 inakiri kwamba Bwana ni mmoja. Mathayo 28:19 inaagiza watu wabatizwe kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na Paulo anawaaga Wakorintho kwa baraka inayowataja watatu haohao kwa pamoja. Injili ya Yohana inaanza kwa kusema kwamba Neno alikuwa Mungu. Katika sura ya 14 ya kitabu hichohicho Yesu anakiri kwamba Baba ni mkuu kuliko yeye. Kanisa lilihitaji zaidi ya karne tatu kupata maneno yanayozibeba kauli hizo zote bila kuiangusha hata moja, na ubishi juu ya haki ya kuyatafuta maneno hayo haujaisha mpaka leo.

Katika Nkowe, parokia ya Jimbo Katoliki la Lindi iliyoko wilayani Ruangwa, katika nchi ya Wamwera ambayo zamani ilihesabiwa kuwa sehemu ya Nachingwea, mtoto wa Kikatoliki hukutana na fundisho hili kabla hajajua kusoma. Mama humshika mkono, akaugusisha paji la uso, kifua na mabega, huku akiyatamka majina matatu. Baadaye katekista wa kigango humfundisha kwa maswali na majibu kwamba Mungu ni mmoja katika nafsi tatu. Akikua kidogo, kila Jumapili husimama na wenzake kuitamka Nasadiki, yaani Kanuni ya Imani. Biblia yenyewe, ile ya kushika mkononi na kufunua kurasa, huja mwishoni. Na katika nyumba nyingi za kizazi cha kwanza cha Wakristo haikufika kabisa.

Mpangilio huu ni ufunguo wa mjadala mzima. Wanaodai kwamba Utatu ni nyongeza juu ya Maandiko, na hata baadhi ya wanaoutetea, hudhani kwamba Wakristo wa kwanza walikuwa na kitabu kilichokamilika, wakakisoma, kisha wakatoa fundisho ndani yake, au wakalichomeka. Historia haikwenda hivyo. Sala na ubatizo vilitangulia, maelezo yakafuata, na orodha kamili ya vitabu vya Agano Jipya ikaja nyuma ya yote mawili.

Ukristo uliingia kusini mwa Tanzania kwa njia mbili zilizopishana kwa miaka ishirini hivi. Ya kwanza ni ya Waanglikana wa UMCA, misheni iliyozaliwa kutokana na wito wa David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Mwaka 1876 Edward Steere, Askofu wa Zanzibar, aliwaongoza watumwa walioachwa huru kutoka pwani hadi Masasi, wakaanzisha kijiji cha Kikristo. Steere alikuwa mtu wa lugha: Agano Jipya la Kiswahili lililotokana na kazi yake lilitoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, na Biblia nzima mwaka 1891. Njia ya pili ni ya Wabenediktini kutoka Ujerumani, waliofungua Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 vilivikumba vituo vya misheni zote mbili, na Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake huko Mikukuyumbu, njiani kuelekea Liwale. Mwaka uliofuata Wabenediktini walianzisha Ndanda, nao moyo wa kazi yao ukahamia huko. Jimbo la Nachingwea liliundwa mwaka 1963 chini ya Askofu Arnold Cotey wa shirika la Wasalvatoriani, na mwaka 1986 makao yake yakahamia Lindi pamoja na jina.

Misheni hizi mbili zilishindana kwa shule, kwa vijiji na kwa wafuasi. Juu ya Utatu hazikuwa na ugomvi. Zote zilipokea kanuni za imani za kale, zote zilibatiza kwa majina matatu, na zote zilimweka mkatekumeni katika mafundisho kwa muda mrefu kabla ya kumfikisha kwenye maji. Tofauti ilikuwa katika kitabu: Mwanglikana wa Masasi aliweza kuwa na Agano Jipya la Kiswahili katika miaka ya 1880, ilhali Mkatoliki wa Lukuledi aliegemea katekisimu, sala za kukariri na masimulizi ya Biblia yaliyofupishwa. Hata hivyo wote wawili waliitamka imani ileile, kwa sababu hakuna aliyeipata kwa kusoma peke yake. Walifundishwa na watu waliokwisha kuipokea.

Hali ya Wakristo wa karne ya pili na ya tatu haikuwa tofauti sana. Walikuwa na Maandiko ya Kiyahudi, barua za Paulo zilizozunguka kutoka mji hadi mji, Injili kadhaa, na maswali matatu ya ubatizo: Je, unamwamini Baba? Mwana? Roho Mtakatifu? Kwa kila jibu mtu alizamishwa majini. Maelezo ya kwanza yaliyopangika kwa Kilatini yalitoka Afrika, kwa Tertullian wa Karthago, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo. Mnamo mwaka 213 aliandika dhidi ya Praxeas, aliyefundisha kwamba Baba na Mwana ni yuleyule mmoja anayejitokeza kwa sura mbalimbali. Tertullian ndiye aliyeliingiza katika Kilatini cha kanisa neno lililokuja kuwa Utatu, pamoja na usemi wa nafsi tatu zenye asili moja. Ajabu ni kwamba mwandishi huyu, ambaye msamiati wake ungali unafundishwa Nkowe kwa Kiswahili, alijiunga na kundi la Wamontano lililokuwa likigombana na maaskofu wengi wa wakati wake.

Mgogoro mkubwa nao ulianzia Afrika. Mnamo mwaka 318 Arius, padre wa Aleksandria, alipingana na askofu wake Alexander. Hoja yake ilikuwa rahisi, na ilisimama juu ya Maandiko: kama Mwana amezaliwa, basi ana mwanzo, na kama ana mwanzo, ni kiumbe, japo ni wa kwanza na bora kuliko vyote. Aliitegemea Mithali 8:22, ambapo Hekima inasema Bwana aliiumba kuwa mwanzo wa kazi zake, na aliitegemea pia kauli ya Yesu kwamba Baba ni mkuu. Mafundisho yake yalitungiwa nyimbo za mabaharia, wasaga nafaka na wasafiri. Anayezifahamu kwaya za kusini na jinsi zinavyosambaza mafundisho haraka kuliko mahubiri hatashangaa kwamba nyimbo hizo zilienea.

Kaizari Konstantino aliita mtaguso Nikea mwaka 325, mji ambao leo ni İznik nchini Uturuki. Maaskofu walitaka kulifunga suala hilo kwa maneno ya Biblia peke yake, wakashindwa, kwa kuwa kila aya waliyoileta, Waario, yaani wafuasi wa Arius, waliikubali, wakaipa maana yao. Mwana atoka kwa Mungu? Naam, kama vitu vyote vinavyotoka kwa Mungu. Mwana ni nguvu ya Mungu? Naam, hata nzige katika Yoeli wanaitwa jeshi lake Mungu. Mwishowe mtaguso ulichukua neno la nje ya Maandiko, homoousios, yaani wa asili moja na Baba, likaingizwa katika kanuni ya imani. Athanasius, aliyekuwa shemasi wakati huo na baadaye Askofu wa Aleksandria, alilitetea kwa hoja ambayo ingali na nguvu: neno halimo, lakini maana imo, na neno jipya lilihitajika kwa sababu maneno ya zamani yalikuwa yamegeuzwa. Alifukuzwa mjini mwake mara tano kwa msimamo huo.

Hapo ndipo linapoonekana jambo ambalo wabishi wengi wa leo hulisahau. Kauli kwamba "halimo katika Maandiko, basi lisitumike" haikuletwa na Matengenezo ya karne ya 16. Mwaka 357 maaskofu waliokutana Sirmium, katika Serbia ya leo, walikataza neno la Nikea kwa sababu hiyohiyo: Biblia hailitumii. Waliotaka Biblia tupu katika karne ya nne walikuwa upande wa Waario au karibu nao, na waliohifadhi imani ambayo Waprotestanti wengi wanaikiri leo walikuwa upande wa neno lisilo la Biblia. Tena, orodha ya kwanza inayojulikana ya vitabu 27 vya Agano Jipya, hivyohivyo bila kupungua wala kuzidi, imo katika barua ya Pasaka ya Athanasius ya mwaka 367. Nikea ilikuwa imeshapita kwa miaka 42. Kanisa lililoamua juu ya Mwana ndilo hilohilo lililokuwa bado likiamua ni vitabu gani visomwe kama Maandiko, na ni vigumu kuikubali kazi ya pili kwa mikono miwili huku ya kwanza ikitiliwa shaka kwa sababu tu imefanywa na watu.

Suala la Roho Mtakatifu lilichelewa zaidi, nalo ndilo linaloonyesha wazi uzito wa sala. Mnamo mwaka 375 Basil wa Kaisaria alishambuliwa kwa namna alivyomalizia sala za sifa: alimtukuza Baba pamoja na Mwana pamoja na Roho, badala ya kupitia kwa Mwana katika Roho. Wapinzani wake walisema kwamba Biblia haimwiti Roho Mungu waziwazi. Basil alijibu kwa kitabu kizima. Alikubali kwamba kuna mambo kanisa limeyapokea kwa desturi isiyoandikwa, akataja ishara ya msalaba na kuelekea mashariki wakati wa kusali, akasema kwamba ubatizo wenyewe unatosha kuwa ushahidi: mtu hubatizwa kwa majina matatu yenye heshima sawa, basi aamini kama alivyobatizwa na atukuze kama anavyoamini. Mantiki yake ni ileile ya kigango, ingawa aliyeiandika alikuwa mmoja wa wasomi wakubwa wa zama zake.

Rafiki yake Gregory wa Nazianzus alikwenda mbali zaidi. Akihubiri Konstantinopoli mnamo mwaka 380, alieleza kwamba ufunuo una hatua: Agano la Kale lilimtangaza Baba kwa uwazi na Mwana kwa kivuli, Agano Jipya lilimtangaza Mwana kwa uwazi na kuugusia Umungu wa Roho, sasa Roho anakaa kati ya waamini na kujidhihirisha mwenyewe. Ni vigumu kupata kauli ya kale iliyo wazi kuliko hiyo juu ya fundisho linalokua. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 uliipanua sehemu ya Roho katika kanuni ya imani, lakini kwa tahadhari: ulisema Roho anaabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana, bila kulitumia kwake lile neno gumu la Nikea. Kwa mara nyingine tena, lililoandikwa ni tendo la ibada.

Haja ya kupata aya moja inayosema yote haikutoweka. Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 5, katika nakala za Kilatini za baadaye ulibeba sentensi inayowataja Baba, Neno na Roho kuwa mashahidi watatu mbinguni walio mmoja. Nakala za kale za Kiyunani hazina sentensi hiyo. Erasmus aliiacha katika matoleo yake ya 1516 na 1519, akairudisha mwaka 1522 baada ya kelele nyingi, na kwa njia hiyo ikaingia katika Biblia nyingi za Ulaya. Wataalamu wa leo, wawe Wakatoliki au Waprotestanti, wanakubaliana kwamba si maneno ya mwandishi. Mhubiri anayeutetea Utatu kwa aya hiyo anampa mpinzani wake ushindi wa bure, maana fundisho lilikuwa limekwisha kusimama Nikea na Konstantinopoli bila kuihitaji.

Swali la jinsi fundisho linavyoweza kukua bila kugeuka kuwa kitu kingine lilipata majibu mawili mashuhuri. Vincent wa Lérins, mmonaki wa Gaul, alisema mwaka 434 kwamba fundisho hukua kama mwili wa mtoto: viungo ni vilevile, vinapata ukubwa na nguvu. Mwaka 1845 John Henry Newman, mwanazuoni Mwanglikana wa Oxford, alimaliza kitabu chake juu ya maendeleo ya mafundisho na mwaka huohuo akaingia Kanisa Katoliki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya 1965, ulichukua mwelekeo huo uliposema kwamba ufahamu wa yaliyopokewa huongezeka kwa tafakari, kwa maisha ya kiroho na kwa mahubiri ya maaskofu. Waanglikana walikuwa na njia yao: Ibara ya 8 kati ya zile 39 inakubali kanuni za imani kwa sababu zinaweza kuthibitishwa kwa Maandiko. Tofauti ni ndogo kwa macho, ila ni kubwa kwa matokeo, kwani inaifanya Biblia kuwa hakimu na mtaguso kuwa shahidi.

Tofauti hiyo ililipuka Afrika Mashariki mwaka 1913, na aliyeiwasha fataki alikuwa askofu wa Wakristo wa Masasi. Frank Weston alifika Zanzibar mwaka 1898 na kuwa askofu mwaka 1908. Kusini yote ya UMCA ilikuwa chini yake, maana Dayosisi ya Masasi iliundwa mwaka 1926, miaka miwili baada ya kifo chake. Mwezi Juni 1913 wamisheni wa makanisa kadhaa walikutana katika misheni ya Waskoti huko Kikuyu, Kenya, wakapanga shirikisho. Msingi wao ulikuwa Maandiko, pamoja na Kanuni ya Mitume na Kanuni ya Nikea. Mkutano ukaisha kwa Askofu William Peel wa Mombasa kuendesha ibada ya Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakapokea. Weston, ambaye hakuwepo, alimwandikia Askofu Mkuu Randall Davidson wa Canterbury, akiwashtaki Peel na Askofu John Willis wa Uganda kwa uzushi.

Ikumbukwe kwamba hakuna aliyebisha juu ya Nikea. Wapresbiteri na Wamethodisti walioshika Biblia kuwa kipimo pekee walikuwa tayari kuitia sahihi kanuni iliyobeba neno lililokataliwa Sirmium. Ugomvi ulikuwa juu ya uaskofu: nani analinda imani hiyo, na kwa mamlaka gani. Davidson alitoa jibu mwaka 1915 lililokwepa kumlaani yeyote na halikumridhisha yeyote. Katika mkutano wa pili wa Kikuyu, mwaka 1918, Weston alihudhuria na kuleta mapendekezo yake mwenyewe. Kilichobaki ni ushirikiano wa misheni, ambao baadaye ulizaa Shule ya Alliance huko Kikuyu.

Weston huyohuyo alikuwa ameandika The One Christ, kitabu cha mwaka 1907 juu ya jinsi Mwana wa Mungu alivyojiwekea mipaka alipofanyika mtu, akianzia sura ya 2 ya Wafilipi. Ni kazi ya kuthubutu, na inakwenda hatua kadhaa mbele ya maneno ya Paulo. Mwaka 1915 alitangaza kuvunja ushirika na Askofu wa Hereford, Uingereza, kwa kumpa cheo B. H. Streeter, ambaye maandishi yake juu ya ufufuko Weston aliyaona ni usaliti. Mtu anaweza kumcheka kwa kufungua mlango kwa mkono mmoja na kuufunga kwa mwingine. Lakini kwake mpaka ulikuwa wazi: kuieleza Kanuni ni kazi ya mwalimu, kuipunguza si ruhusa ya mtu yeyote.

Makanisa yaliyoanza upya na Biblia tu yamefika mahali tofautitofauti. Waadventista Wasabato, walioingia milima ya Upare mwaka 1903, walikuwa na waanzilishi, akiwemo James White, walioukataa Utatu kwa kuuona ni mapokeo ya wanadamu. Kwa kuendelea kusoma Maandiko, na kwa uzito wa maandishi ya Ellen White, mke wa James, hasa baada ya 1898, kanisa hilo liligeuka. Tamko la 1931 linautaja Utatu, na la 1980 linaukiri rasmi. Baadhi ya Wapentekoste walielekea upande mwingine. Kuanzia mwaka 1913 huko Marekani hao waliona kwamba mitume katika Matendo 2:38 walibatiza kwa jina la Yesu, wakaanza kubatiza upya na kufundisha kwamba Baba, Mwana na Roho ni Yesu mmoja. Mwaka 1916 Assemblies of God iligawanyika kwa ajili hiyo. Makanisa ya mkondo huo yapo Tanzania, pamoja na wafuasi wa mhubiri William Branham. Mashahidi wa Yehova wamefika karibu na Arius, na kijitabu chao Je, Uamini Utatu? kimepita mlango kwa mlango katika miji mingi ya nchi. Biblia ni ileile kwa makundi yote matatu. Wanachotofautiana ni aya ipi itawale nyingine, na hilo Biblia yenyewe haiwaamulii.

Katika Mkoa wa Lindi mjadala una upande wa nne, kwani Mkristo huishi na jirani Mwislamu, mara nyingi ndani ya ukoo uleule. Kurani inakanusha wazi kusema "watatu" katika sura ya 4 na ya 5. Katika miaka ya 1980 mihadhara ya hadhara ilienea, na wahubiri wa Kiislamu wakaanza kuisoma Biblia yenyewe ili kuthibitisha kwamba Yesu hakudai Umungu. Kitabu Uislamu katika Biblia cha Mussa Fundi Ngariba na Mohammed Ali Kawemba, cha 1987, ni mfano unaojulikana. Wakristo walijibu kwa aya, aya zikajibiwa kwa aya. Njia hiyo ilimfaa zaidi Mwislamu, ambaye dini yake inaanza na kitabu, kuliko Mkatoliki au Mwanglikana, ambaye imani yake ilimfikia kwa ubatizo na Kanuni. Ndiyo maana makatekista wengi walijikuta wakitetea jambo walilolijua vizuri kwa njia ambayo hawakuwahi kulijifunza.

Hata ndani ya Kanuni yenyewe lipo neno lililoongezwa baada ya mitaguso. Mkatoliki wa Nkowe husema kwamba Roho atoka kwa Baba na Mwana. Maandishi ya 381 yanasema kwa Baba tu. Nyongeza hiyo ilishika mizizi Hispania baada ya Mtaguso wa Toledo wa 589, Roma ikaipokea katika Misa mwaka 1014, na Wakristo wa Mashariki hawakuikubali kamwe. Waorthodoksi wa Tanzania, kama wale wa Bukoba, hawaitamki. Mkutano wa Lambeth wa 1978 uliyashauri makanisa ya Kianglikana yafikirie kuiondoa. Mwezi Juni 1995, Papa Yohane Paulo wa Pili na Patriarki Bartholomew walipokuwa pamoja Roma, Kanuni ilitamkwa kwa Kiyunani bila nyongeza hiyo, na mwaka huohuo Vatikano ikatoa maelezo kwamba maandishi ya 381 ndiyo yenye mamlaka kwa makanisa yote. Misale ya Kiswahili haikubadilishwa.